Ngozi Haikuletwa

Ng'ombe wangu aliuzwa kwa sababu kuna watu kule Marekani walioshindwa kulipia nyumba zao. Nikisema hivyo hapa dukani kwangu Kiamunyi, wateja hucheka, wanadhani nawapigia porojo ili wasahau kuwa bei ya maziwa imepanda. Sitanii. Nimelifuata jambo hili miaka mingi, kama mtu anayefuata bomba linalovuja shambani, na kila nikifika mwisho wa bomba namkuta baba yangu.

Nilipewa ng'ombe huyo nilipomaliza kidato cha nne. Kwetu Rongai binti hapewi ng'ombe. Binti ndiye anayeleta ng'ombe siku ya mahari, na wakishafika wanakuwa wa baba na wa ndugu zake. Mimi nina kaka watatu, na kila mmoja alikuwa ameshajigawia zizi lile kichwani mwake, kuanzia fahali mpaka ndama. Ndiyo maana baba alinipeleka nyuma ya boma asubuhi moja kana kwamba tunaenda kuiba. Akanionyesha mtamba mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso.

"Huyu ni wako," akasema.

"Wangu kabisa?"

"Wako. Lakini hatakaa hapa. Atakaa kwa Baba Mdogo."

Baba Mdogo hakuwa ndugu wa baba hata kidogo. Hata lugha ya nyumbani hawakuwa na moja. Walikutana wakiwa vijana, madereva wa trekta kwenye shamba moja la ngano upande wa Njoro, wakala ugali wa sufuria moja, na baadaye mmoja akapata ardhi Rongai na mwingine Subukia. Sisi watoto tulifundishwa kumwita Baba Mdogo, na tukazoea. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa kuanza kucheka kabla hajamaliza kisa chake mwenyewe, na alikuwa na mkono mzuri wa mifugo.

Watu wa kwetu wana desturi ya kumweka ng'ombe kwa rafiki, na watu wa kwao pia wanayo. Huwaweki ng'ombe wako wote kwenye zizi moja, ili ugonjwa ukiingia, au wezi, au kiangazi, usiamke maskini. Anayekufugia anakunywa maziwa na kutumia samadi. Ndama wanabaki wako. Hakuna karatasi inayoandikwa. Kuna masharti mawili tu, na baba alinieleza yote mawili siku ile tukiwa tumeegemea ua.

La kwanza ni kwamba huendi kumchungulia ng'ombe wako. Kwenda kuchungulia zizi la mwenzako ni kumwambia usoni kwamba unamshuku. Unakaa kwako, unangoja habari. "Utaitwa akizaa," baba aliniambia. La pili ni kwamba ng'ombe akifa, unaletewa ngozi. Ukiiona ngozi unajua amekufa kweli, mnasikitika pamoja, mnakunywa chai, na hakuna anayemnung'unikia mwenzake. Niliyaona masharti mazuri sana. Nilikuwa mjinga, na ujinga wa umri ule hauna dawa.

Mara ya kwanza tuliitwa kama ilivyopasa. Habari ilikuja na lori la maziwa, nami na baba tukaenda Subukia tukiwa tumevaa nguo za kanisani. Baba Mdogo alinipokea langoni kwa sauti ambayo jirani zake wote waliisikia: "Mwenye ng'ombe amefika! Mpeni kiti mwenye ng'ombe!" Nikaketishwa kwenye kiti cha mikono, mimi binti, wazee wawili wakakaa kwenye benchi. Ndama alikuwa jike, mweusi kama mama yake. Sijawahi kuheshimiwa vile na mtu yeyote tena, hata siku ya arusi yangu. Naliandika hili ili ijulikane kwamba Baba Mdogo alijua ng'ombe ni wa nani.

Kisha ukaja uchaguzi ule na vurugu zake. Sitaeleza mengi, wenye kukumbuka wanakumbuka. Watu wa lugha yetu na watu wa lugha yao walikuwa wanachomeana nyumba, na katika zizi la Baba Mdogo kulikuwa na ng'ombe wa watu wa upande ule mwingine. Vijana wa pale walifika langoni wakitaka wamchinje. Tulisimuliwa baadaye kwamba Baba Mdogo alisimama mlangoni pa zizi na rungu lake, akawaambia, "Ng'ombe hapigi kura." Wakamtukana, wakamwita msaliti, wakaenda zao. Baba aliposikia kisa hicho alitoka nje akakaa peke yake nyuma ya ghala, na nadhani alilia. Mimi nilisema kwa kinywa changu kwamba mtu akifanyiwa hivyo na rafiki, basi hana la kuogopa tena duniani.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya maua Naivasha. Nilipanga chumba cha mabati Kamere, karibu na ziwa, mahali ambapo kila mtu ni mfanyakazi wa maua, mvuvi, au mtu anayewauzia hao wawili. Nilikuwa kwenye ukumbi wa gredi. Waridi linakuja kwenye ndoo, unapima urefu wa shina, unatazama kichwa, unaondoa majani ya chini, unafunga kumi kumi kwa karatasi, linaenda kwenye chumba cha baridi, na kesho yake liko Ulaya. Mikono yangu ilikuwa na mikwaruzo kama ya mtu anayefuga paka wabaya. Mtoto wa mwisho wa Baba Mdogo alikuwa pale pale, kitengo cha kupulizia dawa. Nilimsaidia kupata kazi hiyo kwa kumsemea kwa supavaisa. Alipokaa kidogo akanunua pikipiki ya mkopo, na Jumapili alikuwa akinibeba mpaka kanisani bila nauli, akiita ile pikipiki "shamba langu la pili." Sikumuuliza la kwanza alilifanya nini ili apate la pili.

Msimu ule maua yalikuwa mazuri kupita kiasi. Nasema hivyo kwa sababu watu hudhani balaa huja na ukame. Mvua ilikuwa sawa, dawa ilikuwa sawa, vichwa vya waridi vilikuwa vikubwa kama ngumi ya mtoto. Ila ndoo zilianza kurundikana. Oda ya leo ilikuwa ndogo kuliko ya jana, na ya kesho ndogo kuliko ya leo. Asubuhi moja tukaambiwa tupange gredi kama kawaida, tufunge kama kawaida, halafu tuyabebe maua tuyatupe kwenye shimo la mbolea. Tulidhani supavaisa amechanganyikiwa. Akatuambia, "Bei imeanguka huko mnadani. Nauli ya ndege ni kubwa kuliko ua lenyewe. Bebeni tu."

Tukabeba. Wengine tuliona dhambi, tukaomba ruhusa kwenda nayo nyumbani. Ndiyo ikawa wiki ambayo Kamere nzima ilikuwa na waridi jekundu kwenye kila mlango, kwenye makopo, kwenye madebe, kwenye sufuria zilizokosa unga. Mbuzi walikula mpaka wakachoka.

Unga ulikosekana kwa sababu mama mwenye duka aliacha kukopesha. Sisi wote tulikuwa tunachukua vitu kwake na kulipa mwisho wa mwezi, na hajawahi kudhulumiwa na mtu. Siku hiyo nilimkuta amehamisha unga, mafuta na sukari kutoka mbele akaviweka rafu ya nyuma.

"Leo ni keshi, mami," akaniambia bila kunitazama.

"Kwani mimi nimekukosea?"

"Wewe hujanikosea. Hata hujui kama utakuwa kazini kesho, nami sijui nani kati yenu atatoroka. Yule ananiletea bidhaa naye amekataa kunipa bila keshi. Mimi nitafanya aje?"

Niliondoka nimemkasirikia. Siku hizi, nikisikia wasomi redioni wakieleza yale mambo ya benki za ng'ambo kwa maneno marefu, namkumbuka yule mama, naelewa kila kitu. Benki za Marekani zilikopesha watu nyumba wasizoweza kulipia. Kisha benki hizo zikauza ile mikopo kwa benki nyingine, na hizo kwa nyingine, mpaka Ulaya, mbaya ikichanganywa na nzuri. Watu walipoanza kushindwa kulipa, hakuna benki iliyojua ni nani amebeba ile mibovu. Ni kama kijiji kilichoambiwa kina mwizi mmoja bila kutajiwa jina. Kila mtu anafunga mlango wake, hata kwa ndugu yake. Benki zikaacha kukopeshana, zikaacha kuwakopesha wenye maduka, wenye maduka wakapunguza wafanyakazi, na mtu aliyeachishwa kazi hanunui waridi. Ananunua mkate. Basi waridi langu likaishia shimoni, na unga wangu rafu ya nyuma.

Meneja alitukusanya nje ya ukumbi, akapanda juu ya kreti ili tumwone. Akatueleza habari za Marekani na nyumba na benki, akamalizia kwa kusema kwamba fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Mwanamke mmoja mzee wa gredi, aliyekuwa na ulimi, akainua mkono.

"Bosi, hao watu wa nyumba, wanatujua?"

"Hapana, mathe. Hawatujui."

"Sisi tumekula pesa yao?"

"Hapana."

"Sasa mbona sisi ndio tunafukuzwa?"

Watu wakacheka, hata meneja akacheka, na hiyo ndiyo ilikuwa hila. Mtu akicheka nawe unasahau kumbana. "Hakuna mtu anafukuzwa," akasema. "Ni likizo tu. Oda zikirudi, mtaitwa." Tukapiga makofi. Nimelirudia hilo kichwani mara nyingi: tulipiga makofi. Baadaye oda zilirudi, hilo nalijua, kwa sababu watu wapya waliajiriwa kwa mshahara wa chini na kupewa aproni zetu. Mimi simu yangu haikulia.

Lakini siku naondoka Kamere, baada ya miezi miwili ya kungoja na vibarua vya hapa na pale, sikuwa na huzuni kubwa, na hili ndilo linalonichoma hadi leo. Nilikuwa na mpango. Nilikuwa na ng'ombe Subukia anayekamuliwa, na mtamba wake aliyekuwa na mimba. Nilihesabu kwamba nitamwomba baba twende kwa Baba Mdogo tuwachukue kwa heshima, nikodi mahali pa kufugia karibu na mjini, nianze kuuza maziwa yangu mwenyewe. Wenzangu niliokuwa nao kwenye gari walikuwa wanalia. Mimi niliwafariji. Niliwaambia, "Mimi hata hawa wa maua wasiponiita, nina wangu."

Nilimkuta baba amekaa kwenye kigoda chini ya dirisha la jikoni, redio iko magotini. Mama alikuwa anakoroga uji. Nikasalimia, nikakaa, nikaeleza habari za likizo, kisha nikaeleza mpango wangu. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Akaipunguza redio sauti.

"Yule ng'ombe alikufa," akasema.

Sikuelewa. "Yupi?"

"Wako. Ndigana ilimpata, yeye na mtoto wake. Wote."

Mama aliacha kukoroga. Nilimwona, na nikadhani ameshtuka kama mimi. Nikauliza swali ambalo mtoto yeyote wa kwetu angeuliza. "Ngozi iko wapi?"

Baba akatazama mlango. "Ngozi haikuletwa."

"Ng'ombe wawili wamekufa, na hata ngozi moja haikuletwa?"

"Haikuletwa. Tumwachie Mungu."

Unaweza kuona nilivyoelewa. Hakuna mtu wa kwetu ambaye angeelewa vingine. Ngozi isipoletwa, ng'ombe hakufa. Ameuzwa au ameliwa, na aliyekufugia ni mwizi. Nikasimama, nikamtukana Baba Mdogo pale jikoni kwa maneno ambayo sikujua ninayo. Nikasema nitaenda Subukia kesho yake. Baba akasema kwa ukali, na yeye si mtu wa ukali, "Hutaenda kuchungulia zizi la mtu. Si desturi." Nikamjibu kwamba desturi ilishavunjwa na mwingine. Akaongeza redio sauti.

Redioni, nakumbuka, walikuwa wanasema serikali za kule ng'ambo zimeamua kuziokoa benki kwa pesa za wananchi. Baba alitikisa kichwa kama mtu aliyefurahishwa na mahubiri. "Wamefanya vizuri," akasema. "Jirani akizama unamshika mkono kwanza, maswali baadaye." Nikaona ni maneno ya mzee anayetaka kubadilisha mazungumzo. Sikujua kwamba alikuwa ananijibu.

Basi nikaanza upya bila chochote. Nilifua nguo za watu Milimani, kwenye nyumba zenye miti mikubwa na mbwa wanaokula vizuri kuniliko. Nikauza maziwa ya watu wengine kwa kuyabeba mgongoni nyumba hadi nyumba. Nikaolewa na fundi wa mabomba, mtu mwema, tukahamia Kiamunyi wakati ilikuwa bado mashamba ya mahindi, na pole pole nikapata hiki kiduka chenye friji. Yote haya ningeyafanya mapema zaidi, na nikiwa na mgongo bora, kama ningekuwa na ng'ombe wangu. Na kila asubuhi nikipima maziwa ya watu, nilimlaani mzee mmoja wa Subukia.

Nilikutana naye mara moja tu katika miaka hiyo. Ilikuwa mjini Nakuru, mbele ya duka la dawa za mifugo. Alikuwa amezeeka, koti limemlegea. Aliponiona uso wake ulifunguka kabisa. Akanyoosha mkono. "Mwenye ng'ombe! Habari ya siku nyingi, mama?"

Sikuushika ule mkono. Nikamwambia kwa sauti, watu wakisikia, "Niletee ngozi."

Akaurudisha mkono polepole. "Pole, mama," akasema. "Pole sana." Akachukua dawa yake ya kuogeshea mifugo akaenda. Niliporudi nyumbani nilimsimulia baba kwa simu, nikijisifu. Baba akaniuliza kama kwetu kumenyesha.

Mwaka jana Baba Mdogo alikufa. Baba alitaka kwenda kumzika, na miguu yake haimbebi tena, kwa hiyo mtu wa kumpeleka nilikuwa mimi. Nilikubali kwa moyo mbaya. Nilisema moyoni, ngoja nikaone wanavyomsifu.

Mahema yalikuwa yamesimamishwa kwenye malisho, yale yale niliyoyaona nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mikono. Tulipewa viti vya mbele. Wakahutubu watu wa kanisa, wa ushirika wa maziwa, majirani. Kisha yule mtoto wa mwisho, yule wa pikipiki, akachukua kipaza sauti. Sasa ni mtu mzima, ana tumbo na mvi kidogo, na ndiye aliyebaki na shamba.

"Mimi sina mengi," alisema. "Nataka tu kusema asante kwa mzee mmoja yuko hapa. Ile time kazi ya maua iliisha, mimi nilikuwa nimekopa pikipiki, na buda wangu huyu alikuwa ameweka hati ya shamba iwe dhamana. Sikuwa na kazi, singeweza kulipa. Wakaleta notisi ya mnada. Hii nyasi mmekalia, ilikuwa imeenda. Buda akaenda Rongai kwa rafiki yake. Hakumwomba kitu, alienda kumwambia tu. Na huyu mzee hapa, hata chai haikuwa imewekwa mezani, akamwambia, 'Uza ng'ombe. Uza yeye na mtoto wake. Shamba lisiende.' Ng'ombe wake mwenyewe! Ndio nasema, mzee, bila wewe hatungekuwa na mahali pa kumzika baba."

Watu wakasimama. Makofi yalikuwa mengi, wanawake wakapiga vigelegele, mazishini. Baba alikuwa kando yangu, bega lake linagusa langu. Hakunitazama. Alitazama mbele kwenye jeneza, mikono yote miwili juu ya fimbo.

Ng'ombe wake, alisema yule, nami sikumlaumu, hakuna aliyewahi kumwambia vingine. Lakini Baba Mdogo alijua. Na baba alijua. Na mama, aliyeacha kukoroga uji, alijua, maana alikuwepo chai ile ilipokuwa inachemka. Nilikaa pale makofi yakinipita, nikapanga mambo upya moja baada ya jingine. Mzee aliyesema ng'ombe hapigi kura hakuniibia. Alikubali aitwe mwizi barabarani ili baba yangu asiitwe mwongo nyumbani kwake. Na baba yangu alikubali aitwe hivyo. Wazee wawili walikuwa wamelindana vizuri sana, na walichojikinga nacho kilikuwa mimi.

Haikuishia hapo. Yule mtoto akafanya ishara, na mtamba wa hudhurungi akaletwa mbele ya mahema kwa kamba mpya. "Tumerudisha," akasema, akampa baba kamba. Nikainuka nimsaidie baba kusimama. Alisimama, akashika kamba kwa mkono mmoja na kipaza sauti kwa mwingine.

"Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," akasema. "Rafiki yangu amekufa, urafiki haujafa. Huyu nimempokea. Na huyu atakaa hapa hapa, kwa huyu kijana, kama ng'ombe yule wa kwanza alivyokaa." Akamrudishia kamba.

Makofi ya sasa yalizidi yale ya kwanza. Nilimketisha. Mikono yake ilinuka katani na ng'ombe. Akainama kwangu, akasema kwa sauti ya chini, kama asubuhi ile nyuma ya boma, "Yule ni wako."

"Basi nitaondoka naye leo."

"Ng'ombe haondolewi kwenye matanga. Watu watasema nini?"

"Baba, uliniambia alikufa."

Kwaya ilikuwa imeanza kuimba. Nilidhani ataniuliza tena kama kumenyesha. Akajibu. "Ningekuuliza, ungekataa."

Na ni kweli. Ningekataa. Nilikuwa nimetoka Kamere na begi moja na mpango mmoja, na ningekataa mpaka ardhi ya Subukia ikauzwa na Baba Mdogo akafia kwenye chumba cha kupanga. Baba alinijua. Ndiyo maana hakuniuliza, jinsi wale wananchi wa ng'ambo walioziokoa benki hawakuulizwa, maana nao wangekataa. Sasa shamba lipo, kaburi lipo mahali pake, watu wanampigia baba makofi kwa ukarimu wake, na mimi sina hata la kujitetea nalo. Hilo ndilo sijamsamehe. Ng'ombe ningemsamehe. Lakini alinipa kitu akakiita changu, na siku kilipohitajika, kumbe kilikuwa chake cha kutoa. Na kwa miaka yote ile aliniacha nimchukie mtu aliyekuwa ananionea huruma.

"Usijali," akaniambia, akinipiga kidogo kwenye goti, kama mtu aliyemaliza kazi. "Utaitwa akizaa."

Juzi dereva wa pikapu inayoniletea maziwa kutoka Subukia alishusha mitungi yake, akasimama kupumzika mlangoni. Akaniambia habari za barabara, za bei ya chakula cha ng'ombe, kisha akakumbuka. "Na ule mtamba wa mazishi, si umezaa! Jike, safi sana. Haya maziwa ya leo, mengine ni ya huyo."

Nikayapima maziwa, nikamlipa, nikayamimina kwenye friji. Sijaitwa.